Je, Wajua? Mpira Kwanza, Mchanga Baadaye

Wiki hii safu yetu imeshika fimbo za gofu. Tumeiacha ile ndefu ya kupeleka mpira mbali, tukachukua zile za chuma, ambazo humsumbua karibu kila anayeanza mchezo huu. Tumetembea nazo kutoka Lugalo, tukapita Kunduchi, Bunju na Mapinga hadi ufukwe wa Bagamoyo. Somo kubwa la fimbo hizi ni moja tu, na mwalimu wake hulala wazi mbele ya watu wa pwani kila maji yanapokupwa. Twende naye taratibu.

GOFU NA PWANI

1. Je, wajua kwamba gofu ilikulia kwenye mchanga wa pwani? Viwanja vya kale vya Uskoti vilikaa katika ukanda wa kichanga ulio kati ya bahari na mashamba, mahali pasipostawi mazao, penye nyasi fupi na upepo usiokoma. Mchezo ulikolea kiasi kwamba mwaka 1457 Bunge la Uskoti, enzi za Mfalme James wa Pili, liliupiga marufuku, maana vijana walikuwa wakiacha mazoezi ya upinde na mishale.

2. Je, wajua kwamba anayetoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam hukutana na kiwanja cha gofu cha mashimo 18 kabla hajafika Mwenge? Ni Lugalo, kiwanja cha Jeshi la Wananchi wa Tanzania, katika eneo la kambi iliyo kando ya Barabara ya Bagamoyo.

3. Moja ya mashindano yanayochezwa Lugalo limepewa jina la Jenerali George Waitara, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi kuanzia 2001 hadi 2007. Askari na raia hulicheza pamoja.

4. Ng'ambo ya mkondo wa bahari, upande wa Unguja unaotazamana na Bara, kuna kiwanja cha mashimo 9 cha Sea Cliff. Upepo wa bahari unaoyumbisha ngalawa za Bagamoyo ndio huohuo unaoyumbisha mipira kule.

5. Kaskazini zaidi, Klabu ya Gofu ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1911. Huko Vipingo, Kaunti ya Kilifi, Mjerumani Esther Henseleit alishinda mashindano ya wazi ya wanawake ya Kenya mara mbili, 2019 na 2022.

6. Je, wajua kwamba mmoja wa mafundi wakubwa wa fimbo za chuma alijifunzia ufukweni? Seve Ballesteros wa kijiji cha Pedreña, Hispania, alianza utotoni na chuma namba 3 kimoja tu, akipiga mipira juu ya mchanga wa bahari. Mwaka 1978 alikuja Kenya akashinda mashindano ya wazi ya nchi hiyo. Mwaka uliofuata alitwaa ubingwa wa wazi wa Uingereza, na hadi anastaafu alikuwa na mataji makubwa matano. Mtoto wa pwani asikate tamaa kwa kukosa mfuko uliojaa fimbo.

MPIRA KWANZA

7. Je, wajua kwamba chuma hupiga mpira kikiwa bado kinashuka? Kampuni ya Denmark ya TrackMan, inayopima mapigo kwa rada, ilionyesha kuwa wachezaji wa kulipwa wa Marekani wakipiga chuma namba 7 hushuka kwa wastani wa nyuzi 4.3. Fimbo hugusa mpira kwanza, ndipo ikate nyasi.

8. Anayeanza hufanya kinyume. Anaona mpira umelala chini, anataka kuuinua, basi anachota kama mtu anayechota maji kwa kata. Fimbo inagota ardhini nyuma ya mpira, au inapanda mapema na kuukwangua mpira kichwani. Kazi ya kuinua si yako. Uso wa chuma umelazwa kiwandani kwa ajili hiyohiyo.

9. Swingi, yaani mzunguko mzima wa fimbo, huchora upinde. Kila upinde una mahali pake pa chini kabisa. Kwa mpigaji hodari wa chuma, mahali hapo huwa mbele ya mpira, upande wa shabaha, kwa sentimita kadhaa, na kwa wengi hukaribia 10. Kwa anayeanza huwa nyuma ya mpira. Tofauti ya kiganja kimoja ndiyo inayotenganisha pigo safi na pigo bovu.

10. Je, wajua namna ya kumtambua mpigaji mzuri hata kama hukumwona akipiga? Tazama kovu aliloacha kwenye nyasi. Likianza pale mpira ulipokuwa au mbele yake, amepiga vizuri. Likianza nyuma, ameipiga ardhi kwanza, na mpira umepewa nguvu iliyobaki.

11. Aliyewahi kufyeka kiwanja cha shule kwa fyekeo tayari anaujua mzunguko huu. Fyekeo halichoti majani kwenda juu. Hushuka, hupita karibu na ardhi, na kasi yake kubwa huwa pale linapokata. Anayefyeka vizuri huhamisha uzito wake kuelekea mbele bila kuambiwa.

12. Uzito ndio ufunguo. Mpira unapoguswa, sehemu kubwa ya uzito wa mpigaji wa chuma huwa tayari imehamia mguu wa mbele, ule ulio karibu na shabaha. Anayebaki kwenye mguu wa nyuma huuacha upinde wake nyuma pia, hata mikono yake ikiwa mizuri namna gani.

13. Mikono nayo hutangulia. Wakati wa kugusa mpira, viganja huwa mbele kidogo ya kichwa cha fimbo, mpini ukiinamia shabaha. Hapo uso wa chuma husimama kuliko ulivyotengenezwa, na mpira hutoka na nguvu bila mpigaji kukaza misuli.

14. Je, wajua mpira na uso wa fimbo hukaa pamoja kwa muda gani? Karibu nusu ya elfu moja ya sekunde. Kwa kasi ya mchezaji wa kulipwa, katika muda huo fimbo husogea takribani sentimita 2 tu. Hakuna anayeweza kurekebisha kitu hapo katikati. Kila kitu huwa kimeshaamuliwa kabla.

15. Kipenyo cha mpira wa gofu hakiruhusiwi kupungua milimita 42.67, wala uzito wake kuzidi gramu 45.93. Maana yake kitovu cha mpira uliolala chini kiko milimita 21 tu kutoka ardhini. Ukikosea kimo kwa unene wa kidole, umekosa pigo zima.

16. Mpira huanza safari kuelekea wapi? Kwa fimbo za chuma, takribani robo tatu ya mwelekeo wa kuanzia huamuliwa na upande ambao uso wa fimbo unatazama wakati wa kugusa mpira. Njia ya fimbo huchangia iliyobaki, na tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo inayoupinda mpira angani. Mpira wako ukianza kulia kila mara, kagua uso wa fimbo kabla ya kulaumu mabega.

17. Chuma namba 7 cha mchezaji wa kulipwa huuzungusha mpira zaidi ya mara 110 kwa sekunde, ukizunguka kinyumenyume. Mzunguko huo ndio unaoupandisha angani, na ndio unaoufanya usimame haraka unapotua kwenye grini, eneo la nyasi fupi lenye shimo.

18. Je, wajua kwamba mabingwa hao hufikisha mpira karibu kimo kilekile kwa fimbo zao nyingi, ndefu kwa fupi? Kwa chuma namba 7 ni kama mita 29. Huo ni kama urefu wa mnazi mrefu sana. Kinachobadilika kati ya fimbo na fimbo ni umbali.

19. Wanawake wa kulipwa wa Marekani hushuka kwa nyuzi 2.3 tu kwa chuma namba 7, karibu nusu ya wanaume, na bado mpira wao huruka wastani wa mita 129 kabla ya kugusa ardhi. Pigo safi halidai uchimbe handaki. Linadai mpira utangulie, nyasi zifuate.

20. Na kwa nini tuhangaike na chuma, wakati wengi huvutiwa na fimbo ndefu? Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alichambua takwimu za wachezaji wa kulipwa, akaonyesha katika kitabu chake cha 2014 kwamba takribani asilimia 40 ya ubora wa vinara hutokana na mapigo ya kuifuata grini. Mapigo ya kumalizia shimoni huchangia kama asilimia 15. Hazina kubwa imelala kwenye vyuma.

CHUMA CHENYEWE

21. Je, wajua kwamba namba 7 ya leo si namba 7 ya babu? Miaka ya 1970 uso wa chuma hicho ulilazwa kwa nyuzi karibu 38 au zaidi. Leo vingi vina nyuzi kati ya 30 na 34, na baadhi viko chini ya hapo. Ukimwona jirani anapiga mbali kuliko wewe kwa namba ileile, usikimbilie kuongeza nguvu. Huenda mmeshika fimbo mbili tofauti zenye jina moja.

22. Mchezaji haruhusiwi kubeba zaidi ya fimbo 14. Kikomo hicho kiliwekwa mwishoni mwa miaka ya 1930, baada ya wachezaji kufika uwanjani na mafurushi ya fimbo 20 na zaidi.

23. Hadi mwaka 1929 mamlaka ya gofu ya Uingereza ilikuwa bado haijaruhusu mipini ya chuma cha pua. Mipini ilikuwa ya mti wa hikori, ikipinda na kujisokota, na kila fimbo ilikuwa na tabia yake.

24. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway, ndiye aliyevipa umaarufu vyuma vilivyochimbwa mgongoni, uzito ukasukumwa pembeni. Fimbo ya namna hiyo haijisokoti sana mpira ukigongwa nje ya kitovu, hivyo hasara ya kosa hupungua. Anayeanza achague hizo.

25. Wengi wetu hununua fimbo za mitumba. Kabla ya kulipa, simama kama unayepiga, kisha tazama sehemu ya chini ya kichwa cha fimbo. Ikiwa ncha ya mbele imeinuka sana, mpigaji wa mkono wa kulia atapeleka mipira kushoto. Ikiwa kisigino ndicho kilichoinuka, mipira itakwenda kulia. Fundi anaweza kupinda shingo ya fimbo kidogo na kukutoa kwenye matatizo ya miaka.

26. Mifereji iliyochongwa usoni mwa chuma haipo ili ing'ate mpira. Kazi yake kubwa ni kupisha maji na utomvu wa nyasi, kama kashata za tairi la gari kwenye lami yenye mvua. Kanuni za ukali wa mifereji hiyo zilikazwa kwa wachezaji wa juu kuanzia 1 Januari 2010. Beba mswaki mkuukuu kwenye mfuko. Mfereji uliojaa udongo haufanyi kazi.

UPEPO, JOTO NA CHUMVI

27. Je, wajua kwamba mchezaji wa Arusha akishuka Dar es Salaam hupungukiwa umbali bila kubadilika chochote mwilini? Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Pwani hewa ni nzito na huuvuta mpira nyuma. Tofauti ni kama asilimia 5. Mpira unaoruka mita 150 kule, hapa huruka kama 142. Mgeni achukue fimbo moja zaidi, na mtu wa pwani anayepanda Arusha apunguze moja.

28. Watu husema hewa yenye unyevu ni nzito. La. Chembe ya maji ni nyepesi kuliko chembe nyingine za hewa, hivyo kwa joto na kanieneo ileile, hewa yenye unyevu ni nyepesi kidogo kuliko kavu. Kinachokulemea saa nane mchana huko Kunduchi ni jasho na uchovu wako.

29. Upepo wa mbele hukunyang'anya zaidi ya vile upepo wa nyuma unavyokupa. Kwa makadirio ya wachezaji, upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma usoni hupunguza kama asilimia 10 ya umbali. Huohuo ukivuma kutoka nyuma huongeza kama asilimia 5 tu.

30. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, na kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba. Juu ya pepo hizo, upepo wa bahari huongezeka kila alasiri. Anayetaka kujua umbali halisi wa vyuma vyake apime asubuhi mapema, kabla majani ya minazi hayajaanza kutikisika.

31. Ukikabili kusi, usiongeze nguvu. Anayepiga kwa nguvu zaidi huongeza mzunguko wa mpira, na mpira unaozunguka sana hupaa na kusimama angani kama tiara. Chukua fimbo ndefu kwa namba moja au mbili, shika chini kidogo kwenye mpini, piga kwa utulivu.

32. Umande wa asubuhi nao una hila. Maji yakiingia kati ya uso wa fimbo na mpira, mzunguko hupungua, mpira hutua na kuendelea kukimbia. Pangusa uso wa chuma kabla ya kila pigo.

33. Masika yakilainisha ardhi, kosa la kugonga nyuma ya mpira huadhibiwa vikali, maana kichwa cha fimbo huzama. Wakati wa kiangazi ardhi ngumu hukidundisha kichwa hicho kikaukuta mpira kichwani. Misimu miwili, adhabu mbili, dawa ileile: mpira kwanza.

34. Watu wa Bagamoyo wanajua chumvi ya bahari inavyokula mabati. Chuma kilichopakwa kromu hustahimili kiasi, kile kisichopakwa hushika kutu mapema. Osha fimbo kwa maji baridi, zikaushe kabisa kabla ya kuziweka mfukoni. Mishikio nayo ioshwe kwa sabuni, maana jasho huifanya iteleze, na mshikio unaoteleza hukulazimisha kukaba.

WALIOTUTANGULIA

35. Februari 1949 gari la Ben Hogan liligongana uso kwa uso na basi huko Texas, na ilihofiwa hatatembea tena. Mwaka 1950, katika shimo la mwisho la raundi ya nne ya ubingwa wa wazi wa Marekani pale Merion, miguu ikimuuma, alipiga chuma namba 1 hadi kwenye grini. Akasawazisha, na siku iliyofuata akatwaa ubingwa.

36. Mwaka 1972, katika ubingwa huohuo wa wazi wa Marekani huko Pebble Beach, kando ya bahari, Jack Nicklaus alipiga chuma namba 1 dhidi ya upepo katika shimo la 17. Mpira ukagonga mlingoti wa bendera na kutulia inchi chache tu kando ya shimo. Naye alikuwa bingwa mwaka huo.

37. Je, wajua kwamba kichwa cha chuma kimewahi kupiga mpira mwezini? Februari 1971 mwanaanga Alan Shepard wa Apollo 14 alifunga kichwa cha chuma namba 6 kwenye mpini wa kifaa cha kuchukulia sampuli. Uchunguzi wa picha uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kuwa mpira wake wa pili ulikwenda kama mita 37. Vazi la anga lilimlazimu kupiga kwa mkono mmoja.

38. Umeambiwa mara ngapi, "usiinue kichwa"? Annika Sörenstam wa Sweden, mshindi wa mashindano 72 ya wanawake wa kulipwa ya LPGA na mataji makubwa 10, aligeuza uso kuelekea shabaha kabla fimbo haijagusa mpira. Mpira unaokwanguliwa kichwani mara nyingi ni matokeo ya uzito uliobaki nyuma na mikono iliyochota. Kichwa husingiziwa tu.

MAZOEZI YA WATU WA PWANI

39. Je, wajua kwamba swingi ina mapigo kama ngoma? Mmarekani John Novosel alihesabu picha za video za mabingwa akakuta kupandisha fimbo huchukua muda mara tatu ya kuishusha hadi kwenye mpira. Tatu kwa moja. Watu wa Bagamoyo, mji wenye chuo cha sanaa tangu 1981, hawahitaji mashine ya kuhesabia. Hesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, piga.

40. Jaza kiroba makumbi ya nazi, kifunge, kilaze chini. Kipige polepole kwa chuma, kisha ganda hapohapo ujitazame. Viganja viko mbele ya kichwa cha fimbo? Uzito uko mguu wa mbele? Fanya hivyo mara 20 kwa siku. Mwili hujifunza umbo la pigo bila hofu ya mpira kwenda wapi.

41. Kunja kanga, iweke chini kiasi cha kiganja kimoja na nusu nyuma ya mpira. Piga bila kuigusa. Anayechota huipeperusha kanga kila mara. Anayeshuka huiacha imelala.

42. Paka poda ya mtoto au chaki kwenye uso wa chuma kabla ya kupiga. Alama itakayobaki itakuambia umegusa mpira kwa ncha, kitovu au kisigino karibu na shingo. Mpira unaogongwa shingoni huchomoka pembeni kabisa, na tiba ya kwanza ni kurudi nyuma nusu hatua, uzito ukae katikati ya nyayo.

43. Usipige mipira 50 kwa fimbo moja kuelekea mahali pamoja ukajisifu. Mwaka 1979 watafiti Shea na Morgan walionyesha kuwa mazoezi yaliyochanganywa huonekana magumu zaidi wakati wa kujifunza, lakini hukumbukwa vizuri zaidi baadaye. Badili fimbo, badili shabaha, kama ilivyo kwenye mchezo wenyewe.

44. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Tanzania na Kenya walianzia kwenye ukedi, wakibeba mifuko ya wengine. Walijifunza kwa kutazama mamia ya mapigo kwa karibu. Ukipata nafasi ya kutembea na mchezaji hodari pale Lugalo, mtazame kiuno na miguu, mpira uache uende.

45. Tafadhali, usipige mipira baharini. Huko California, msichana mpiga mbizi na wenzake walikusanya zaidi ya mipira 50,000 kutoka chini ya bahari jirani na viwanja vya gofu, na taarifa yao ilichapishwa mwaka 2019. Mipira hiyo hulika taratibu na kuwa vipande vidogo vya plastiki. Bahari ya Bagamoyo ni shamba la wavuvi wetu.

46. Na kovu uliloacha kwenye nyasi, lizibe. Rudisha kipande kilichong'oka ukikanyage, au jaza mchanga. Anayekuja nyuma yako naye ana haki ya kuukuta mpira wake umelala vizuri.

MWALIMU ANAYELALA UFUKWENI

47. Je, wajua kwamba zoezi bora la chuma halihitaji mpira, kiwanja wala ada? Linahitaji mchanga uliolowa na mstari. Maji hukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takribani dakika 50. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hukupwa mbali zaidi na kuacha uwanda mpana wa mchanga mgumu. Chagua mahali pasipo na watoto, wavuvi wala waanika dagaa. Chora mstari mrefu kwa ncha ya fimbo, kutoka kwenye vidole vyako kuelekea mbele yako. Simama mstari ukiwa katikati ya miguu. Mstari ndio mpira wako.

48. Sasa piga. Tazama fimbo ilipokwangua mchanga. Ikikwangua kabla ya mstari, uzito wako umebaki nyuma. Ikiukata mstari na kuendelea upande wa shabaha, umepata. Sogea kiasi cha kiganja, rudia hadi mstari uishe. Anza na pigo dogo, mikono isizidi usawa wa kiuno, na usiongeze mpaka mapigo 8 kati ya 10 yawe mbele ya mstari.

49. Nyasi huweza kukuficha. Zulia la mazoezi hukudanganya kabisa, kwa kuwa fimbo iliyogonga nyuma huteleza juu yake hadi kwenye mpira, ukadhani umepiga vizuri. Mchanga uliolowa huandika kila kosa mahali pake.

50. Kwa hiyo, msomaji, chukua hata chuma kimoja cha mtumba, namba 7 kinatosha, na mwite mwanao au mdogo wako. Waulize wavuvi maji yatakupwa saa ngapi, shukeni ufukweni, mchore mstari. Maji yatakaporudi yatafuta makosa yenu yote, na kesho mtaukuta ubao mpya.